Muuza maji na fulana ya bibi

Kazi ya gazeti ni kuchota maji kwa pakacha: unakimbia mchana kutwa, jioni huoni ulichojaza. Leo nina jambo lililonikaa kifuani tangu mwezi wa tatu, na kwa kuwa gazetini halina ukurasa wake, naliweka hapa.

Lilianza hivi. Kila mwaka ikikaribia Wiki ya Maji magazeti yetu hutoa nyongeza maalumu, yenye matangazo mengi na habari chache. Safari hii niliagizwa kutafuta picha za zamani za watu wakibeba maji, ziwe zile zisizodaiwa malipo ya hakimiliki, za kuzibia mapengo ya kurasa. Nikakaa usiku mbele ya kompyuta nikipekua tovuti za makumbusho ya Ulaya. Katikati ya akina mama na mitungi, ngamia na viriba, akatokea mwanamume mmoja wa Kifaransa mwenye ndoo mbili.

Yuko peke yake kwenye karatasi, mkubwa, amejaza ukurasa. Mji hauonekani nyuma yake wala hakuna umati. Ndoo mbili, mkanda wa kubebea, mwili uliozoea uzito. Suruali yake inaishia magotini, kama walivyovaa wanaume wa Ufaransa wa zama zile kuanzia mfalme hadi mfagia barabara. Tofauti ilikuwa kwenye kitambaa, si kwenye urefu. Mikunjo ya nguo imechorwa kwa makini sana, kama vile mchoraji alitaka ujue kila ilipokazwa na kila ilipolegea. Chini yake pameandikwa Porteur d'eau, yaani mbeba maji. Basi, hakuna zaidi.

Nikashtuka. Picha ile mimi niliwahi kuipiga.

Nitafika huko. Kwanza niwaeleze huyu bwana na ndoo zake katokea wapi, maana nilipoteza usingizi wa siku tatu kumfuatilia, na ile nyongeza nikaichelewesha.

Picha ilitoka Paris mwaka 1737. Aliyeichora ni Edme Bouchardon, mchonga sanamu, mtoto wa mchonga sanamu wa mji wa Chaumont, ambaye alikuwa amerudi miaka mitano tu nyuma kutoka Roma alikokaa karibu miaka tisa akijifunza kwa kunakili kazi za kale. Alichora kwa chaki nyekundu, na michoro yake ya mkono ipo British Museum, London. Aliyeihamishia kwenye bamba la shaba ili ichapwe nakala nyingi hakuwa fundi wa kutafuta riziki. Alikuwa bwana mkubwa, comte de Caylus, mtu wa ukoo wa heshima aliyependa vitu vya kale na sanaa, aliyefanya kazi ya mikono kwa kupenda mwenyewe. Étienne Fessard, yeye fundi hasa, alimalizia kwa kukazia mistari kwa kifaa cha chuma.

Kwa wasiojua namna picha hizi zinavyotengenezwa: unachukua bamba la shaba, unalipaka nta, halafu unachora juu ya ile nta kwa sindano. Ukimaliza unaliingiza kwenye tindikali. Tindikali inakula shaba pale tu ulipokwangua nta, hivyo mstari wako unakuwa mfereji mdogo. Unaosha, unajaza wino mferejini, unaweka karatasi mbichi, unapitisha kwenye mtambo wa kukandamiza. Mkono unakwenda wepesi kama unaandika kwa kalamu, ndiyo maana hata bwana mkubwa asiye fundi aliweza.

Mbeba maji ni mmoja tu kati ya sitini. Picha zilitoka kwa mafungu matano, kila fungu picha 12, kuanzia 1737 hadi 1746. Mkusanyo unajulikana kama Cris de Paris, yaani kelele za Paris, kwa maana ya zile sauti wachuuzi wanazopiga mtaani kunadi walichonacho. Ukiishi Dar es Salaam huhitaji kufafanuliwa, unamjua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe na muuza ndizi kwa sauti kabla hujafungua mlango. Kuchora wachuuzi wa namna hiyo ilikuwa desturi ya zamani Ulaya, tangu karne ya 16, lakini mara nyingi walichorwa wadogo wadogo kwa safu, na wengine kwa vichekesho. Bouchardon kawapa kila mmoja ukurasa wake na uzito wake. Nimemwangalia huyu wa maji kwa muda mrefu, sioni kejeli. Mtu aliyesomea sanamu za mashujaa wa Roma kaja kumtazama mbeba ndoo kwa jicho lile lile.

Lakini soma jina refu la mkusanyo: Études prises dans le bas peuple. Ni mazoezi ya kuchora yaliyochukuliwa kwa watu wa chini. Chini kabisa, wanavyosema wenyewe. Watu wa chini hawakununua picha hizi. Walionunua ni wapenzi wa sanaa waliozifungua jioni sebuleni, baada ya maji kupandishwa ngazi na mtu ambaye hawakumtazama usoni.

Na jambo jingine. Jina la mchoraji tunalo, la aliyechora bamba tunalo, hata la aliyemalizia mistari tunalo. Mwenye ndoo hana jina. Wote sitini wanaitwa kwa kazi zao na wachache wanaongezewa mkoa: mnoa visu wa Auvergne, mfua masufuria wa Auvergne. Auvergne ni nchi ya milima katikati ya Ufaransa ambako vijana walishuka kila mwaka kutafuta vibarua Paris, na wengi wao waliishia kwenye ndoo za maji. Kwa hiyo mtu anakuwa kazi, halafu kazi inakuwa kabila. Wenzangu msicheke. Neno letu machinga linasemwa kuwa limetokana na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, na leo kijana wa Tarime anayeuza soksi Kariakoo naye ni machinga.

Sasa kama jina halipo, uso nao hauna makuu, kinachobaki kumwambia mtazamaji huyu ni nani ni vazi. Vazi na chombo cha kazi. Mwenye picha sebuleni anatambua kwa sekunde moja: ndoo, mkanda, nguo nzito, mtu wa chini, mbeba maji. Fumbo limefumbuliwa, ukurasa unafunuliwa, anakuja anayefuata.

Ila vazi lenyewe lilikuwa linasema kweli? Hapa ndipo nilipokwama. Mwanahistoria Daniel Roche alichambua orodha za mali zilizoandikwa watu wa Paris walipofariki, koti kwa koti na shati kwa shati, akaonyesha jinsi soko la nguo zilizokwishavaliwa lilivyokuwa kubwa katika mji ule. Kulikuwa na chama kizima cha wauza nguo kuukuu chenye haki zake, na nje ya chama kulikuwa na akina mama waliopita mitaani wakinunua na kuuza. Watumishi wa majumbani walirithi makoti ya mabwana zao, wakayauza, yakashuka ngazi mtu hadi mtu. Kwa Kiswahili cha leo tungesema Paris nusu ya mji ilivaa mitumba. Kwa hiyo koti la maskini katika karne ile lingeweza kuwa lilikatwa na fundi kwa kipimo cha mwanasheria, likavaliwa na dereva wa farasi wake, likafika kwa mbeba maji likiwa limepoteza rangi na vifungo. Ukilisoma koti, unasoma habari za nani?

Haya, sasa nifike kwangu.

Mwaka jana, maji yakiwa yamekatika mitaa kadhaa, nilitumwa Manzese na kamera ya ofisi. Nikamkuta mwanamume wa makamo akisukuma mkokoteni wenye madumu 12. Dumu moja lita 20, hesabu mwenyewe: kilo 240 bila mkokoteni. Alikuwa anapandisha kilima kidogo, shingo imetoka mishipa, jua la saa saba. Amevaa fulana ya mtumba, rangi ya waridi, ina maua na maandishi makubwa ya Kiingereza kifuani yanayosema kwamba aliyeivaa ni bibi bora kuliko bibi wote duniani.

Nikapiga. Nilipiga picha kama tisa hivi. Sikumsimamisha, sikumsalimu, nilijiambia kwamba nikimsalimu atajiweka sawa na picha itaharibika. Hivi ndivyo tulivyofundishwa, na si uongo.

Chumba cha habari walicheka hadi machozi. Sitajitoa, nilicheka nao. Picha ikapandishwa ukurasa wa tatu, safu nne. Maelezo yake niliyaandika mimi: "Muuza maji akisukuma mkokoteni wenye madumu ya maji eneo la Manzese, Dar es Salaam jana, kufuatia uhaba wa maji." Halafu kwenye mabano, picha na, likafuata jina langu, la kwanza na la ukoo.

Siku ya tatu dada wa mapokezi akanipigia simu ya ndani: una mgeni huku chini. Nikashuka. Nilimtambua kwa shida, maana alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mikono ameifunga vifungo. Ameshika lile gazeti limekunjwa mara nne.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mdogo wangu, ni wewe uliyenipiga hii?"

"Ndiyo, kaka."

"Hii fulana inasemaje?"

Nikamweleza. Kumtafsiria mtu mzima maneno yale, uso kwa uso, huku askari wa getini akisikiliza, ni kazi ambayo simwombei adui yangu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo maana." Kumbe tangu gazeti litoke kijiweni walikuwa wakimwita Bibi. Binti yake wa darasa la sita alirudi shuleni analia na hakutaka kusema kisa. Mwenyewe alikuwa ameinunua ile fulana mnadani kwa shilingi 500, akiwa na haraka.

"Niliipenda kwa kuwa nzito," akaniambia. "Inanyonya jasho. Nyingine zile nyepesi ukisukuma siku mbili zinachanika kwapani."

Nzito, inanyonya jasho. Sisi tuliisoma kifuani, yeye aliisoma kwapani. Na niseme ukweli, tangu siku hiyo siwezi kuiangalia ile mikunjo ya nguo ya mbeba maji wa 1737 bila kujiuliza kama yule bwana naye hakuchagua nguo kwa kuangalia pale mkanda unapopita, wapi pasuguliwe na wapi pastahimili, huku mwenye picha sebuleni akiona tu uzito wa umaskini.

Mama zangu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi wenye digrii. Kanga ina maandishi, na maandishi yake tunayaita jina. Mwanamke haingii dukani akanunua kanga bila kuuliza jina lake, kwa sababu anajua akiivaa ndiye anayesema. Fulana ya mtumba ni kanga iliyochaguliwa jina na mtu mwingine, kwa ajili ya mtu mwingine, kwa lugha nyingine, ikavuka bahari ndani ya robota.

Yule kaka hakuja kudai fidia. Nilikuwa nimejiandaa kwa fidia, nikawa sina la kumjibu kwa alichotaka.

"Mngeandika jina langu," alisema. "Mtu akisoma angejua ni fulani kavaa fulana. Hivi mlivyofanya, ni fulana ndiyo imenivaa mimi."

Akanitajia majina yake matatu. Nikayaandika kwenye daftari, nikapanda juu kwa mhariri nikiwa na wazo la mistari miwili tu ukurasa wa pili. Mhariri akaichukua ile nakala, akasoma maelezo kwa sauti, akaniuliza: "Kosa liko wapi? Si muuza maji? Si Manzese? Si jana?" Kweli kosa halikuwepo. Kila neno lilikuwa sahihi. Gazeti husahihisha kilichokosewa, halisahihishi kilichoachwa.

Nikashuka nikamwambia kaka yule, "Tutaliangalia." Wenye kazi hii mnajua neno hilo maana yake. Naye alijua. Akasema haya, akaniomba walau nimsafishie nakala ya picha ampelekee mama yake kijijini, maana mama hajali fulana, anataka kumwona mwanawe. Nikaahidi. Miezi ikapita.

Ndipo usiku ule wa Wiki ya Maji nikamkuta Mfaransa na ndoo zake.

Sikiliza kilichofuata kwa Bouchardon, maana hapa kisa kinanoga. Mwaka 1739, miaka miwili baada ya kumchora mbeba maji, mji wa Paris ulimpa kazi ya kujenga chemchemi kubwa mtaa wa Grenelle. Akaimaliza mwaka 1745 na ipo hadi leo. Katikati kakaa mwanamke ambaye ndiye mji wa Paris, na wawili waliojilaza chini yake ni mito, Seine na Marne. Pembeni kuna majira manne ya mwaka. Wamevaa shuka za kale ambazo hakuna mtu aliyezivaa mitaani Paris, na mahali pengine hawakuvaa kitu. Ni kazi nzuri, lazima nikiri. Lakini Voltaire alimwandikia barua Caylus, huyu huyu Caylus wetu wa bamba la shaba, mwaka huo huo wa 1739, akihoji ni chemchemi gani hiyo itakayokuwa na mabomba mawili tu ya wabeba maji kujazia ndoo zao.

Mabomba mawili! Louis-Sébastien Mercier, mwandishi aliyezunguka Paris kwa miguu akaandika alichokiona, na ambaye ukiniuliza mimi ndiye babu wa waandishi wote wa habari za mitaani, katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1781 alikadiria kuwa mji ule ulikuwa na wabeba maji 20,000. Walipandisha ndoo mbili mbili kuanzia ghorofa ya kwanza hadi ya saba. Bei ya safari moja ilikuwa sou moja na nusu au sou mbili, na mtu mwenye nguvu aliweza kufanya safari kama 30 kwa siku. Ukichukua bei ya juu na safari zote 30 unapata sou 60, ambazo ni livre tatu, ila hakuna mgongo unaofanya hivyo kila siku ya Mungu. Angalia lakini: Mercier kahesabu safari, kahesabu ghorofa, kaandika bei, na jina hakuandika hata moja. Naye pia!

Baadaye Bouchardon akapewa kazi kubwa kuliko zote, sanamu ya shaba ya mfalme Louis XV juu ya farasi. Ilichukua miaka mingi hata yeye akafariki mwaka 1762 kabla haijasimamishwa. Ilisimamishwa mwaka uliofuata kwenye uwanja ambao leo unaitwa Place de la Concorde. Na mfalme kavaa nini? Kavaa kama kaisari wa Roma. Mfalme wa Ufaransa aliyevaa hariri na viatu vya visigino maisha yake yote, kwenye sanamu kavalishwa mavazi ya watu waliokufa zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Hakuhitaji vazi kumtambulisha, kwa sababu jina lake lilijulikana. Yeye angeweza kuvaa chochote na bado angekuwa Louis. Mwezi Agosti 1792 wanamapinduzi waliiangusha ile sanamu, na uliobaki ni mkono wa kulia, upo Louvre.

Nadhani ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta. Mwenye jina, nguo ni mapambo juu yake, akivaa vibaya ni utani wa siku moja. Asiye na jina, nguo ndiyo habari yote.

Na hili halikuishia kwenye picha. Paris ilikuwa na chumba cha maiti kilichoitwa Basse-Geôle, ambako walipelekwa waliookotwa mtoni na barabarani. Mwanahistoria wa Uingereza, Richard Cobb, alisoma kumbukumbu za chumba hicho za mwaka 1795 hadi 1801, za marehemu zaidi ya 400, na kitabu chake kilitoka mwaka 1978. Makarani waliandika nguo moja baada ya nyingine: koti, kizibao, shati, soksi, rangi yake, viraka vyake, alama zilizoshonwa. Wengine walikutwa wamevaa nguo juu ya nguo. Kisha majirani na ndugu walikuja, wakatambua kiraka walichokishona wenyewe, na karani akapata jina la kuandika.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Mimi huandika habari za namna hiyo kila wiki, kutoka kwenye taarifa za polisi. Mtu mmoja jinsi ya kiume, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 30 na 35, ambaye jina lake halikufahamika mara moja, alikuwa amevaa suruali ya jinzi na fulana nyekundu. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba vidole vinaijua vyenyewe. Ila kwa marehemu wa ajali angalau tunaandika kwamba jina halikufahamika. Tunakiri pengo. Kwa yule wa Manzese, aliyekuwa hai, mita nne mbele yangu, anayeweza kujibu swali, sikuandika hata hilo.

Kuna mwenzangu wa dawati la picha nilipomweleza haya alinijibu kwamba ninajitesa bure. Hoja yake ina uzito, niiweke hapa kwa haki. Alisema picha ya muuza maji haikuwa ya mtu, ilikuwa ya tatizo la maji. Ukiweka jina, msomaji anahamia kwa mtu na tatizo linasahaulika. Pia wapo wasiotaka majina yao gazetini, hasa wanaokimbizana na mgambo. Kweli kabisa. Nami sisemi kila uso uandikiwe jina. Nasema swali tulilouliza pale lilikuwa moja tu, je, fulana inachekesha, na tatizo la maji likawa kisingizio. Kama ilikuwa ya tatizo la maji, zile picha nyingine nane ambazo maandishi hayakuonekana zilikuwa na maji yale yale.

Bouchardon angalau hakucheka. Hilo namwachia.

Kwenye nyongeza ya Wiki ya Maji nilimweka yule Mfaransa. Nikaandika maelezo: mbeba maji wa Paris, mchoro wa Edme Bouchardon, 1737, jina la mchorwa halikuandikwa. Mhariri akakata maneno manne ya mwisho kwa sababu ya nafasi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda studio, nikasafisha moja ya zile picha nane, kubwa, kwa hela yangu. Anaonekana kwa ubavu, amekaza, fulana ni rangi ya waridi tu bila neno, uso wote upo. Nikaitia kwenye bahasha, nyuma ya picha nikaandika majina yake matatu kutoka kwenye daftari. Hapa siyataji. Aliyaombea gazeti, hakuyaombea ukurasa huu, na kumwuliza upya sijapata nafasi, kama mtakavyoona.

Nilipofika Manzese nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba wanakojazia. Palikuwa na foleni ya mikokoteni kama kumi. Nikamsalimia kijana aliyekuwa wa mwisho, nikamtajia jina la kwanza, hajui. Nikataja la pili, akawauliza wenzake, hawajui. Nikamsomea yote matatu kutoka kwenye bahasha. Wakatazamana. Mmoja akasema labda ni wa bomba la kule juu.

Nikatoa picha.

"Aaa!" kijana akacheka. "Si ungesema unamtafuta Bibi? Bibi kaenda kwao, kauza na mkokoteni."

Nikauliza kwao ni wapi. Wakaanza kubishana, huyu anasema Singida, yule anasema Kondoa. Dumu la mbele likajaa, foleni ikasogea.